Tende za Bi Mahbuba

Mwaka ule wa korona Maskati ilifungwa. Ukitaka kutoka, unakutana na askari barabarani anakuuliza unakwenda wapi na una shughuli gani. Basi watu wakakaa ndani. Na watu wakikaa ndani siku nyingi, wanaanza kutazamana.

Shiro alianza kumtazama mumewe.

Shiro alikuwa msusi kutoka Kenya. Saluni yake, kule Madinat Sultan Qaboos, ilikuwa imefungwa. Mumewe, Wesley, alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja upande wa Bustan. Naye alirudishwa nyumbani. Walikuwa wamepanga vyumba viwili ghorofani, mtaa wa Mawaleh, katika nyumba ya Bi Mahbuba. Bi Mahbuba mwenyewe alikaa chini. Alizaliwa Unguja, akaja Omani akiwa msichana, akawa muuguzi miaka thelathini. Sasa alikuwa amestaafu.

Mlango wa pili hapo ghorofani alikaa Maryanne, Mkenya pia, aliyeuza manukato dukani. Mrefu, mcheshi, hana mume. Kabla ya korona Shiro hakuwa na neno na Maryanne. Kabla ya korona hakuwa hata na nafasi ya kuwa na neno na mtu.

Siku zilifanana. Asubuhi chai. Mchana ugali au wali. Baada ya hapo wanapiga simu Eldoret, kwa mama yake Wesley, ili wamwone mtoto wao Chebet. Halafu ikifika saa kumi alasiri, Wesley anavaa ndara.

"Naenda juu kuangalia tangi," anasema.

Mwanzoni Shiro hakujali. Tangi la maji lilikuwa juu ya paa, linapigwa na jua mchana kutwa. Mwezi wa tano ukifungua bomba, maji yanatoka moto kama ya kupikia chai. Mtu akipanda kuliangalia si ajabu. Lakini kila siku? Saa kumi ile ile? Siku moja Shiro akachungulia mlangoni. Mumewe anapanda ngazi. Nyuma yake anapanda Maryanne, na beseni la nguo kiunoni.

Moyo wa Shiro ukashika moto.

"Wesley, hilo tangi linaangaliwa kila siku?" aliuliza aliporudi.

"Linaweza kuvuja."

"Limevuja?"

"Bado."

"Kwa hivyo unakaa huko saa nzima kungoja livuje?"

Wesley akacheka. Siku hizi akishuka huko alikuwa mwepesi wa kucheka. Tena alikuwa anatafuna karafuu. Shiro aliisikia harufu yake. Mwanamume aliyefungiwa ndani na mkewe, anatia mdomo harufu nzuri kwa ajili ya nani?

Kisha likaja jambo la tende. Tangu Ramadhani ilipoingia, Bi Mahbuba alikuwa akiwawekea wapangaji wake mfuko wa tende mlangoni, kila baada ya siku mbili. Hakujali kwamba wao ni Wakristo. Lakini Shiro akifungua kabati, mfuko mtupu.

"Tende ziko wapi?"

"Nimekula."

"Kilo mbili, Wesley?"

"Tende zinatia nguvu, bana. Si unasikia kuna ugonjwa?"

Siku ya pili Shiro akakutana na Maryanne kwenye ngazi. Maryanne alikuwa anakula tende. Akatoa kokwa mdomoni, akatabasamu. "Niaje, Shiro?" Shiro akampita kama hakumwona. Ni kweli Maryanne naye aliwekewa mfuko wake mlangoni, kama wapangaji wote. Lakini Shiro hakutaka kukumbuka hilo. Aliona tende za mumewe tu, zinatafunwa na mdomo wa mwanamke mwingine.

Jumanne asubuhi akafanya jambo lake. Mlango wa paa ulikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari. Shiro akafunga. Ufunguo akautia kifuani.

Saa kumi Wesley akavaa ndara. Akapanda, akashuka.

"Shiro, ufunguo wa juu uko wapi?"

"Wa nini?"

"Wa tangi."

"Tangi halivuji. Umeniambia mwenyewe."

"Nipe dakika tano tu."

"Dakika tano zinawatosha?"

"Zinatutosha na nani?"

"Na unayemjua."

Wesley akamtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Akabembeleza. Akakasirika. Akabembeleza tena. Kila alivyozidi kubembeleza, Shiro alizidi kupata uhakika. Wesley angesema kweli pale, mambo yangeisha. Lakini aliona haya. Akaenda kulala bila kula.

Jumatano asubuhi mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alishika kikombe, chai ikamwagika mezani. Jasho lilimtoka, na chumba kilikuwa baridi. Akatapika. Shiro akaogopa korona. Akamgusa paji la uso. Hakohoi. Pumzi ni nzuri. Ila moyo wake ulikuwa unadunda mbio.

Hapo wivu ukamnong'oneza Shiro jibu. Kumbe kumkosa yule siku moja tu, anatetemeka hivi! Kwangu hakutetemeka hata siku ya harusi.

"Unaumwa na nini?" akauliza.

"Fungua mlango wa juu, Shiro. Nakuomba."

"Utapona tu. Mapenzi hayaui."

Wesley hakulala. Alhamisi asubuhi Shiro akamkuta ameketi kitandani, anaokota vitu kwenye blanketi ambavyo havipo.

"Siafu," alisema. "Toa hawa siafu. Wamejaa."

"Siafu gani? Wesley, acha mchezo."

Mlango ukagongwa. Shiro akafungua kidogo. Ni Maryanne, na barakoa usoni.

"Shiro, Wesley yuko sawa? Namsikia anapiga kelele."

"Umekuja kumwona?" Shiro akaweka mkono kwenye fremu ya mlango. "Siku mbili zimekushinda?"

"Ati nini?"

"Usijifanye! Tende zake umekula. Paa mmegeuza chumba. Sasa unataka kuingia na kwangu?"

Maryanne akasema polepole, "Shiro, mimi hapo juu naanika nguo. Mume wako anakaa nyuma ya tangi anakunywa. Nimemwambia mara ngapi aache. Wewe ndiye umefunga mlango?"

"Anakunywa nini?"

"Pombe. Ameipika mwenyewe, ya tende. Tangu lini hajanywa?"

Kabla Shiro hajajibu, kitu kizito kikaanguka chumbani. Wakakimbilia. Wesley yuko sakafuni, mwili umekakamaa, unatupwatupwa. Macho yamegeuka. Povu mdomoni.

Shiro akapiga yowe. Akakimbia jikoni, akarudi na kijiko. Akapiga magoti akitaka kukitia katikati ya meno ya mumewe.

"Acha hicho kijiko!"

Ni Bi Mahbuba. Alikuwa amepanda ngazi zote kwa mbio, na umri ule, mtandio mkononi. "Utamvunja meno, au kitamsakama akose pumzi. Usimtie kitu mdomoni. Wala usimkandamize. Maryanne, sogeza meza hiyo asije akajipiga. Wekeni mto chini ya kichwa."

Wakafanya. Bi Mahbuba akatazama saa yake. Baada ya dakika mbili mwili ukalegea. Akamlaza Wesley ubavu, ili mate na matapishi yatoke nje yasiingie kwenye pumzi.

"Haya, nambieni. Kifafa anacho huyu?"

"Hana, mama," Shiro akasema.

"Mlevi?"

Shiro akatazama chini. Maryanne akajibu. "Alikuwa anakunywa kila siku. Tangu Jumanne hajapata."

"Anakunywa nini, na maduka ya pombe yote yamefungwa?"

Shiro na Maryanne wakatazamana.

"Nnakuulizeni, si kwa umbea. Nnataka kujua kanywa nini."

"Tende, mama," Maryanne akasema. "Alizichachisha kwenye dumu. Tende zako."

Bi Mahbuba akafumba macho. "Tende zangu za sadaka?"

"Ndiyo, mama."

"Hayo tutazungumza. Mgonjwa kwanza." Akachukua simu, akabonyeza tisa mara nne, akaita gari la wagonjwa kwa Kiarabu.

Shiro akamshika mkono. "Mama, tusiseme pombe. Watatufukuza nchi hii. Tuseme ni malaria."

"Mwanangu, mie nimekaa wodini miaka thelathini. Ukimwambia daktari malaria, atatafuta malaria. Mumeo atakufa huku watu wanatafuta malaria. Sema kweli. Kazi ya daktari ni kutibu."

"Basi tumpe kidogo hiyo pombe, atulie?"

"Hajitambui huyu. Ukimpa chochote atapaliwa. Tena hujui ndani ya dumu lile mna nini. Angoje gari."

Gari likaja. Wauguzi walivaa nguo nyeupe za kujikinga, toka kichwani hadi miguuni. Shiro akasema kweli, kwa sauti ndogo. Mmoja akaandika, hakushangaa. Wakamchukua Wesley. Shiro akakatazwa kwenda naye, kwa sababu ya korona.

Akabaki ameketi kwenye ngazi. Bi Mahbuba akaketi ngazi tatu chini yake. Maryanne akasimama mlangoni kwake.

"Sielewi, mama," Shiro akasema. "Mtu akiacha pombe si ndiyo anapona?"

"Anapona, lakini haachi hivyo. Sikiliza. Mtu anayekunywa sana kila siku, mwili wake unaizoea pombe. Ukimkatia ghafla, mwili unashtuka. Siku ile ile anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika, kukosa usingizi. Siku ya pili, ya tatu, huona vitu ambavyo havipo. Wengine huanguka kama alivyoanguka yeye. Wengine hufa."

"Kila mnywaji?"

"Si kila mnywaji. Lakini wewe nyumbani utajuaje yupi atakufa? Ndiyo maana mtu kama huyo haachi peke yake chumbani, wala hafungiwi na mkewe. Anakwenda hospitali. Wanampa dawa, wanamtazama siku kwa siku mpaka mwili utulie."

"Mimi nilidhani ni mapenzi," Shiro akasema.

Maryanne akacheka, kisha akajizuia. "Yule? Hapo juu amelewa, anaimbia tangi nyimbo za Kalenjin? Mapenzi gani, dada?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulininunia. Nilikusalimia mara ngapi?"



Jioni jua lilipopoa akatoa ufunguo kifuani, akapanda juu. Nyuma ya tangi akakuta dumu limefunikwa gunia. Joto la paa lilikuwa limefanya kazi ya kuchachisha upesi. Pembeni kulikuwa na sanduku la mboga lililopinduliwa, la kukalia. Moja. Na kikombe cha plastiki. Shiro akatafuta cha pili. Akatazama nyuma ya tangi, chini ya mabomba, kila pembe. Kikombe kilikuwa kimoja. Akakaa kwenye lile sanduku, akalia.

Kisha akamwaga dumu lote. Harufu yake ilichoma pua.

Hospitali walikuwa wakimpigia simu kila asubuhi. "Wesley wetu leo amekula vizuri," muuguzi mmoja alisema, sauti tamu. Shiro akashika simu kwa nguvu. Wesley wenu tangu lini? Lakini akameza, akasema, "Asante, dada." Siku ya nne Wesley akaja kwenye simu mwenyewe.

"Shiro, nisamehe. Kule kazini nilikuwa nakunywa kidogo kidogo kila siku, nikifunga baa. Sikujua imenishika hivyo. Tulipofungiwa, mikono ikaanza kutetemeka. Nikinywa inatulia. Nilijiambia pombe inaua virusi."

"Inaua?"

"Daktari amesema haiui kitu. Inaua ini langu. Na inapunguza nguvu za mwili kupigana na huo ugonjwa."

"Ungeniambia."

"Nilikuonea haya."

"Na mimi nilikuonea wivu. Nilikufungia dawa yako na sumu yako pamoja. Ungekufa, Wesley."

Siku ya nane akarudi, amekonda, na mfuko wa dawa. Alipewa tarehe za kurudi kliniki, na mshauri wa kuongea naye kwa simu mara mbili kwa wiki. Mikono yake ilishika kikombe bila kumwaga. Saa kumi alasiri ndiyo ilikuwa saa ngumu. Mshauri alimwambia asikae bure saa hiyo, wala asikae peke yake. Basi saa kumi wakapanda juu wote wawili kuanika nguo. Kama nguo hakuna, walifua zilizo safi. Maryanne akija na beseni lake, Shiro anamshikia upande mmoja wa shuka. Mara nyingine Maryanne akifanya mzaha na Wesley, Shiro bado anageuka upesi kutazama. Lakini sasa anauliza, hanuni.

"Mnacheka nini?"

"Tunakucheka wewe," Maryanne anasema.

Idi ikaja. Asubuhi mlango ukagongwa. Bi Mahbuba amesimama, barakoa usoni, sinia mkononi. Tende, zimepangwa vizuri, na birika la kahawa.

Wesley akainuka, akainamisha kichwa. "Bi Mahbuba, sina uso wa kukutazama. Sadaka yako niliifanyia ubaya."

"Kweli uliifanyia ubaya," Bi Mahbuba akasema. "Kaa chini. Kula."

"Tutaziweka, mama, tutakula baadaye," Shiro akasema.

"Baadaye hakuna. Mie nasimama hapa hapa mlangoni mpaka nione sinia tupu. Kokwa mtanirudishia, nizihesabu."

Shiro akacheka mpaka akashika mbavu. Akamwita Maryanne aje kusaidia. Wakala wote watatu, tende moja baada ya nyingine, na bibi yule amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anasogeza midomo anahesabu.