Tofali Mbele ya Gurudumu

Breki ya kigari cha Bonge ilikuwa imeacha kushika, na aliyelijua hilo alikuwa mtu mmoja tu: dada yake.

Dada mtu alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mwembamba, na kwa kuwa baba yao alikuwa fundi cherehani, wateja walimwita Sindano, jina likaganda. Bonge naye alikuwa na miezi tisa na mashavu yaliyojaa mpaka akicheka macho yanapotea. Mama yao alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha mikate. Alitoka nyumbani alfajiri, akarudi jioni. Kwa hiyo kila siku, Sindano akitoka shule, alipitia kibanda cha baba, akamchukua Bonge na kumpeleka kiwandani anyonye.

Kabla ya kigari alimbeba mgongoni. Njia ilikuwa ya mawe na vumbi, yenye mlima kwenda na mteremko kurudi, na Bonge hakuwa mzigo wa mchezo. Sindano alikuwa akifika shati limelowa na shingo inamuuma.

"Mwanangu ataota kibyongo kabla ya kuota meno ya mwisho," mama alisema usiku mmoja. "Tutafute kigari."

Walikwenda wote wanne kwa mama mmoja aliyeuza vitu vilivyotumika. Vigari vilikuwa vitatu vimepangwa ukutani. Kimoja kilikuwa chekundu, chenye kimwavuli cha maua na magurudumu manne madogo. Sindano alikipenda papo hapo. Baba alikigeuza, akavuta mishono ya kiti, akatikisa kichwa.

"Uzi umeoza. Mtoto akijirusha, anatoka na kiti chake."

Mama alikijaribu cha pili, kilichokunjika vizuri lakini kikagoma kukunjuka. Akarudi kwenye cha kwanza, akaenda tena kwenye cha pili. Muuzaji akaguna.

"Dada, mchagua jembe si mkulima."

"Jembe halibebi mtoto," mama akajibu. "Hiki kitambeba mwanangu. Niache nichague."

Muuzaji akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akavuta cha tatu. Kilikuwa cha kijivu, hakina urembo wowote, lakini kilikuwa na magurudumu matatu makubwa yenye tairi za upepo, moja mbele na mawili nyuma. "Njia yenu ina mawe, sivyo? Haya magurudumu madogo yatakwama kwenye kila shimo. Msinunue kwa macho. Mwekeni mwenye mali ndani, mmsukume huko nje penye kokoto."

Wakamfunga Bonge mikanda, Sindano akasukuma. Kigari kilipita juu ya kokoto kama vile njia imepigwa pasi. Bonge akapiga kelele za furaha. Muuzaji akawaonyesha kikanyagio cha nyuma: ukikikanyaga, raba mbili zinabana magurudumu ya nyuma, na kigari hakiendi popote. Baba alikivuta kwa nguvu zake zote, kikasimama palepale.

Siku ile Sindano alilala akiwa na furaha kama amenunuliwa yeye. Shingo yake ilikuwa imepona kabla hata ya kupumzika.

Akakitunza. Jioni alifuta vumbi, akachomoa nyasi zilizojisokota kwenye ekseli. Tairi zikilegea alipitia kwa fundi baiskeli kujaza upepo. Kitambaa cha kiti alikivua na kukifua. Baba aliwaambia wateja wake, "Mwangalieni fundi wangu wa kigari. Huyu simfundishi, ananifundisha."

Sasa, katika kibanda kile kulikuwa na desturi moja. Kila Jumamosi baba alifungua cherehani, akapangusa pamba na vumbi, kisha akadondosha mafuta kila tundu. "Kila kinachozunguka kinaomba mafuta," alisema. Sindano alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu anatambaa chini ya meza ile.

Jumamosi moja baba alikuwa na haraka ya sare za wanakwaya. Sindano akachukua kichupa cha mafuta ya cherehani, akakilaza kigari ubavu, akaanza kazi. Akatia mafuta kwenye ekseli zote. Akatia kwenye maungio ya kukunjia. Akakiona kile chuma cha breki kinalia kidogo, akakitilia nacho, na raba zake akazipaka vizuri, na pale zinapogusa gurudumu akapapaka pia ili zisikwaruze. Kigari kikang'aa. Hakikulia hata kidogo.

Jumatatu alikanyaga breki juu ya mteremko, akageuka kufunga kamba ya kiatu, na kigari kikaanza kumwacha. Alikidaka. Akakanyaga tena, kikateleza tena.

Alifuta raba kwa kitambaa. Alifuta kwa sabuni. Lakini raba ikishakunywa mafuta, haiyatemi. Sindano akakaa chini kando ya njia, akamtazama Bonge, Bonge akamtazama yeye na kupuliza mapovu ya mate.

Angeweza kumwambia baba siku ileile. Lakini aliona aibu. Angeanzaje? Fundi wa kigari ameharibu kigari? Tena kigari kingewekwa pembeni, na yeye angerudi kubeba mgongoni. Akajiambia atasema Jumamosi, wakati baba ametulia. Akaokota nusu tofali kwenye uchafu wa nyumba iliyobomolewa, akaliweka kwenye kikapu cha chini ya kiti. Kila aliposimama, alikanyaga breki kwa ajili ya macho ya watu, kisha akasukumia tofali mbele ya gurudumu.

"We Sindano, siku hizi mnajenga?" rafiki yake mmoja wa darasani alimtania mbele ya wenzao. "Au Bonge kaanza kula matofali?"

"Ni la kupigia wambea," Sindano akajibu, na wote wakacheka. Yeye alicheka kidogo kuliko wenzake.

Jumamosi ilifika, baba akawa na wateja. Ikapita.

Siku ya tukio, mambo yalikwenda kama kawaida. Kiwanda kilikuwa juu ya njia nyembamba iliyoteremka moja kwa moja mpaka barabara kuu, ambako malori yalipita bila kupunguza mwendo. Mama alitoka mlango wa nyuma na unga mpaka kwenye nyusi, akakaa kwenye benchi, akamnyonyesha Bonge. Kisha akamrudisha kwenye kigari, akamfunga mikanda mwenyewe, akambusu, akarudi kazini. Sindano alisukumia tofali mbele ya gurudumu, akaingia mara moja kuchukua mfuko wa mikate iliyovunjika, ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kupeleka nyumbani.

Wakati huohuo gari la unga lilikuwa limeegeshwa chini, kwenye barabara kuu, na wapagazi walikuwa wakipandisha magunia. Mlinzi wa kiwanda, mzee aliyependa usafi kuliko mshahara, akaliona lile tofali katikati ya njia yao. Akakitazama kikanyagio cha kigari: kimekanyagwa. Akaridhika. Akainama, akalitoa tofali ili mtu mwenye gunia begani asije akajikwaa, akalitupa kando, akaenda kuwafungulia wapagazi mlango wa ghala.

Sindano alipotoka na mfuko wake, kigari hakikuwepo mlangoni. Kilikuwa kinateremka.

Alitupa mikate, akakimbia, lakini magurudumu aliyoyatia mafuta kwa mikono yake yalikimbia kuliko miguu yake. Bonge, mikono juu, alikuwa anashangilia.

Mpagazi mmoja alikuwa anapanda na gunia begani. Aliinua macho, akaona. Alilibwaga gunia mbele ya kigari, akajirusha nyuma ya kigari kudaka mpini. Gurudumu la mbele likalivaa gunia, likapinda; gunia likapasuka; unga ukaruka juu kama moshi. Ulipotua, mpagazi alikuwa amekaa chini ameshika mkono wake wa kulia, na ndani ya kigari kulikuwa na kitu cheupe chenye macho mawili. Kikapiga chafya, kikacheka.

Sindano akamtoa mdogo wake, akamkumbatia mpaka yule akaanza kulalamika. Malori yalikuwa yanapita hatua chache tu kutoka pale.

"Ahsante, kaka. Ahsante, kaka. Ahsante."

"Basi, mdogo wangu," mpagazi akasema huku akikunja uso kwa maumivu. "Nilikuwa nimechoka na lile gunia hata hivyo."

Watu wakajaa. Mama akatoka mbio, akamkagua Bonge kidole kwa kidole. Mwenye kiwanda naye akatoka, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele.

"Nani alikuwa hapa mlangoni? Nani amegusa kigari hiki?"

"Kigari sikukigusa, bosi," mlinzi akasema. "Nilitoa tofali tu. Breki ilikuwa imekanyagwa, niliiona kwa macho yangu."

"Mzee, umetaka kuua mtoto! Mtu mwenye akili anaondoaje kizuizi? Kesho usiniletee sura yako hapa!"

Mlinzi akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Sindano alimtazama mzee yule, akaona kwamba ni rahisi sana kunyamaza. Watu wote walikuwa wameshampata mkosaji. Alichotakiwa kufanya ni kumpangusa Bonge unga.

"Si kosa lake," akasema.

"Unasemaje?"

"Si kosa la babu. Breki haishiki. Niliitia mafuta mimi, ikaharibika, nikaficha. Hata baba hajui. Tofali nililiweka kwa sababu nilijua." Machozi yakaanza kumtoka. "Babu hakujua. Mimi nilijua."

Mwenye kiwanda akakanyaga breki mwenyewe, akasukuma kigari. Kikaenda. Akavuta pumzi, akamgeukia mlinzi.

"Mzee wangu, nimekukosea. Rudisha kofia kichwani."

Jioni, mama alisimulia yote pale kibandani. Baba aliacha mashine. Sindano alisubiri kufokewa, lakini baba alichuchumaa kando ya kigari kile, akapitisha kidole kwenye raba, akakinusa.

"Mafuta yangu," akasema. "Nimesema miaka yote kila kinachozunguka kinaomba mafuta. Sikusema kuwa kuna vingine kazi yake ni kuzuia mzunguko. Hilo ni langu. Lakini tofali ni lako."

"Ndiyo, baba."

"Ulidhani nitakufanya nini?"

"Nilidhani hutaniita tena fundi."

Baba akakuna kidevu. "Mimi nilipojifunza kazi hii nilimshonea bwana mmoja suruali ikawa na miguu yote miwili ya kushoto. Fundi ni yule anayesema, 'Nimeharibu, nisaidieni.' Asiyesema huyo ni mharibifu tu."

Asubuhi, kabla ya shule, wakakipeleka kigari kwa fundi baiskeli, kikakaa huko siku tatu. Akanyoosha uma wa gurudumu la mbele kwa nyundo na subira, akatupa raba zile, akasugua magurudumu kwa spiriti, akafunga raba mpya. Akamwonyesha Sindano: mafuta tone moja kwenye ekseli, tone moja kwenye maungio, raba na mahali zinapobana, kavu daima. Na kila siku kabla ya kumpakia mtoto, kanyaga, kisha sukuma. Kikienda, mtoto haingii.

Siku ileile ya kwanza, alipotoka shule na kabla ya kumchukua Bonge, Sindano alikwenda kiwandani peke yake kuwashukuru watu wawili. Mpagazi alikuwa amekaa kivulini, mkono umefungwa bandeji.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja kukushukuru. Jana nilitetemeka, sikukushukuru vizuri."

"Marahaba. Ulishukuru mara tatu, nilihesabu. Mwambie Bonge akikua anilipe kwa kunibebea magunia."

Mlinzi alikuwa anafagia. Sindano alipiga goti kidogo. "Babu, nisamehe. Nusura ufukuzwe kazi kwa ajili yangu."

"Na kwa ajili yako nimebaki," mzee akasema. "Umri huu wote nimesingiziwa mara nyingi, mjukuu wangu. Aliyesimama kunisafisha ni wewe wa kwanza. Nami nashukuru."

Mama alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Wakakaa wote wawili kwenye benchi.

"Unajua kilichoniogopesha zaidi?" mama akauliza. "Si mteremko. Ni kwamba yule mzee alifanya jambo jema. Aliwaondolea wenzake kikwazo. Ubaya ukifichwa, mwanangu, hata mkono wa mtu mwema unaweza kuua bila kujua. Kitu kikiharibika mikononi mwako, sema siku hiyohiyo. Hatutakosa namna ya kukitengeneza. Na tumshukuru Mungu, na yule kijana, kwamba leo tunazungumza haya huku tumekaa."

Gharama ya siri ile ilikuwa hii. Gunia zima la unga, ambalo baba alilifidia kwa kuwashonea wafanyakazi wote wa kiwanda aproni mpya bila malipo. Raba mbili za breki na kazi ya fundi baiskeli. Mkono wa mpagazi, uliokaa wiki nzima bila kubeba, na ujira wa wiki hiyo ambao mama alimtolea kwenye mshahara wake. Mfuko mmoja wa mikate, uliokanyagwa. Na mgongo wa Sindano, uliombeba Bonge juu na chini mpaka kigari kilipopona. Bonge mwenyewe hakuchubuka hata kidole.