Aliyeitika Bila Waya

Waya ulikuwa umechomoka tena.

Mfasiri aliinama nyuma ya kabati la mama yake. Ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ilitundikwa pale kwa sababu laini ya mtandao iliingilia ukuta wa chumba hicho. Akausukuma waya mpaka aliposikia ule mlio mdogo wa kujifunga, na taa ya kijani ikawaka. Alikuwa ameurudisha asubuhi ileile, na jana yake pia. Nyumba haikuwa na paka wala mtoto mtundu. Chumbani alikuwamo mama tu, ameketi kitandani, mikono mapajani, akimtazama mwanawe kama mtu mwenye neno analolimeza.

"Mama, umeugusa huu waya?"

"Niuguse wa nini, mwanangu? Hata kazi yake siijui."

Katika ukoo mfasiri huyo aliitwa Mtaalamu, nusu kwa sifa, nusu kwa kejeli. Simu ya shangazi ikigoma, anaitwa yeye. Redio ya mjomba ikikoroma, ni yeye. Kompyuta yake aliiwekea Linux, mfumo wa wanaopenda kujipangia kila kitu wenyewe, na shemeji zake walimtania kwamba ni mtu asiyepanda gari mpaka kwanza afungue injini. Alicheka nao, lakini moyoni aliona fahari. Ndiyo maana jambo hili lilimchoma. Simu zote za nyumbani zilipata mtandao bila shida; kompyuta ya Mtaalamu, iliyoungwa kwa waya, ndiyo iliyokuwa kipofu.

Alifanya kila alichokijua. Aliizima ruta akaiwasha. Alibadilisha waya. Alifungua ile skrini nyeusi akaandika amri ya kuiita ruta: kompyuta hutuma neno, na ruta ikiwa hai huitika, mstari baada ya mstari. Iliitika, mtandao ukarudi, akashukuru. Hajamaliza kutafsiri ukurasa mmoja, mistari ikakatika, na alipokwenda kutazama akakuta waya unaning'inia.

Siku mashangazi walipokuja kumjulia hali mama, mtandao ulikatika akiwa anatuma kazi iliyokwisha kuchelewa. Alitoka hadi sebuleni kwa hatua kubwa.

"Mama, kama unataka nikae nawe, niite! Usinichomolee waya kama mtoto anayelilia titi!"

Vikombe vilibaki hewani. Shangazi mkubwa akasema polepole, "Lakini tumekaa naye hapa tangu tufike."

Mfasiri alijua palepale kwamba amekosa. Neno la kuomba radhi lilimfika kooni, likakwama. "Basi aliuchomoa kabla hamjafika," akasema. "Ni uzee."

Mama alikiweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa. "Kule chumbani tupo wawili, mwanangu. Nilinyamaza nisikutie hofu. Nikisikia harufu ya nywele zilizoungua, najua amekaribia waya. Namkemea, anarudi kwenye kona."

Jioni ile mama aliondoka na mashangazi, akaenda kukaa kwa binti yake.

Baada ya hapo mtandao ulitulia kabisa. Mfasiri angepaswa kufurahi, lakini masikio yalimwaka moto kila alipopita mbele ya kile chumba kitupu. Mara nyingi alitafuta namba ya dada yake kwenye simu, na kabla haijaita, alikata.

Kisha, mchana mmoja wa jua kali, mkewe akiwa kazini, mtandao ulipotea tena. Aliandika ile amri. Ruta ikaitika vizuri. Akaita mtandao wa nje, kimya. Akaufuata waya ukutani mpaka chumbani kwa mama, akaona ncha yake imelazwa juu ya mto, mahali mama alipokuwa akiweka kichwa. Aliirudia kompyuta. Mistari ilikuwa bado inashuka. Kulikuwa na kinachoitika.

Akajiambia ni mtandao wa hewani, akauzima, na mistari ikaendelea. Akajiambia ni skrini iliyoganda, akaifunga na kuifungua upya, na mistari ikaendelea. Akaenda kuichomoa ruta yenyewe kwenye umeme, akaibeba mikononi ikiwa imekufa, taa zote zimezimika, akaiweka mezani mbele ya macho yake, na hapo mistari ikaanza kushuka kwa kasi, ikikimbizana kama pumzi ya mtu anayekimbia kuja, huku harufu ya nywele zilizoungua ikiingia kwa upenyo wa mlango, na kule chumbani kitanda cha mama kikalia, taratibu, kama kinavyolia mtu anapoinuka.

Mkewe alimkuta nje ya geti, miguu mitupu.

Kesho yake mkewe alileta mganga, mwanamke wa makamo mwenye mkoba begani. Hakuingia chumbani kwa mama. Alisimama mlangoni akanusa.

"Jini hili lina muda humu," alisema kwa sauti ya chini. "Lilichezea waya kwa sababu halikuruhusiwa kuchezea kingine. Kuna mtu alilizuia."

"Nani?" mkewe akanong'ona.

"Aliyekuwa analala humu."

Mfasiri akatazama sakafu.

"Mrudishe," mganga akamwambia. "Umwombe radhi mwenyewe, uso kwa uso, mbele ya wale waliosikia. Usitume mtu. Na neno hilo la toba usilitamke katika nyumba hii kabla hajafika. Humu kuna anayelisubiri."

Mganga alipoondoka, mfasiri akakaa na kushika kichwa. "Nitasimamaje mbele ya mashangazi?"

"Kama ulivyosimama siku ile," mkewe akajibu.

Lakini kulipokucha alisema kichwa kinamgonga. Mkewe akajifunga khanga. "Kosa lako, miguu yangu," akasema, akaenda kumleta mama mwenyewe.

Mchana, mfasiri alisikia kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha mama, kikitoka chumbani kwake. Wamepitia mlango wa nyuma, aliwaza, na moyo wake ukatua kwa namna ya kumtia aibu: mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, kwa hiyo hangelazimika kumtazama usoni. Akapiga magoti kizingitini.

"Mama. Nilikusingizia. Nilijua, na bado sikukuomba radhi. Nisamehe."

"Sema tena, mwanangu," sauti ya mama ikajibu kwa upole.

Akasema tena. Akaambiwa tena. Akawa anasema huku analia, na kila mara sauti yake ilitoka nyembamba zaidi, mpaka ikawa pumzi tu.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguka. Aliingia mkewe, kisha mashangazi, na katikati yao mama, akiwa ameshikwa mkono.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

Mfasiri aliinuka. Safari hii alitaka kulisema, aibu na iwe aibu, mbele ya wote. Akafungua mdomo. Ulimi ulicheza, midomo ikacheza, hakikutoka kitu.

Kutoka nyuma ya mlango uliofungwa ikaja sauti yake mwenyewe, tulivu, yenye adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo.

"Nisamehe, mama. Ingia. Chumba chako kipo tayari."

Mama akamtazama mwanawe aliyesimama mdomo wazi, machozi yakimchuruzika. Akautazama mlango. Akauachia mkono wa shangazi.

"Jamani," akanong'ona, "nimjibu yupi?"