Droo Zisizo na Komeo

Siku walipokutana, nusura mwanamume amtoe mwanamke jicho.

Ilikuwa kwa wapasua mbao, asubuhi ya kelele, misumeno inalia na vumbi linanata kwenye kope. Jamaa mmoja mrefu, koti la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa, buti zimejaa tope, aligeuka ghafla na ubao begani. Ncha ya ubao ikakwangua kilemba cha mwanamke aliyekuwa nyuma yake, ikaondoka nacho.

"We kaka! Hizo mbao unazibeba au unapigana nazo?"

"Samahani, dada yangu. Sikukuona."

"Ungenionaje, na macho yako yako huko juu na kunguru?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanamke alivaa ovaroli ya bluu, penseli sikioni, futi kiunoni. Pale wote walimwita Mama Pacha: fundi seremala, mama wa mapacha wa miaka mitano, na mwenye mdomo usio na breki. Mwanamume kazi yake ilikuwa kupanda minara ya simu na kuitengeneza, na kwa kazi hiyo na urefu ule, wenzake walishamwita Mnara.

"Mbao za nini?" akauliza Mama Pacha, akijifunga upya kilemba.

"Nataka droo za nyuma ya gari. Nikifika mlimani, spana moja naitafuta mpaka jua linazama."

"Na misumari hiyo?"

"Ya kupigilia droo."

"Kwenye gari la porini? Barabara itaing'oa yote, ufike na kuni. Lilete hilo gari kwangu."

Akalileta. Kisha likawa linaletwa hata siku lisipokuwa na sababu ya kuletwa.

Mvua zilikuwa zimeshika kweli. Mama Pacha alitambaa ndani ya gari na futi yake, Mnara akammulikia tochi na kumpa skrubu moja moja kutoka kiganjani. Alitengeneza droo mbili pana: ya kushoto ya spana na nyaya, ya kulia ya betri za minara, ambazo moja tu ina uzito wa mfuko wa saruji. Reli za chuma zilikuwa ghali, kwa hiyo droo ziliteleza juu ya mbao ngumu alizozipiga randa na kuzipaka nta. Jioni simu ililia.

"Fundi, droo zangu zimelala?"

"Zimelala. Na wewe kalale."

"Usingizi umekataa. Unasema umesahauliwa huko karakana."

"Uambie nimeufungia stoo."

Mambo yakawa hivyo, mpaka siku Mnara aliposema, "Mpenzi, juu ya droo niwekee na kitanda. Cha watu wawili."

"Viti vya nyuma tuving'oe?"

"Viti visiguswe."

"Basi hapo ni kujikunja."

"Kujikunja si tatizo."

"Watu wawili wepi?"

Mnara akakonyeza jicho. "Utajua siku yake."

Mama Pacha alicheka, lakini mwiba ulishaingia. Baba wa mapacha naye aliondoka hivyohivyo, kwa kukonyeza. Akapiga hesabu ya moyoni: yeye, watoto wake na Mnara ni watu wanne. Kitanda cha wawili ni cha nani, kama si cha Mnara na mwanamke wa huko njiani?

Mnara alipokuja kuchukua gari, makomeo ya kuzuia droo yalikuwa hayajafungwa. Yalikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Mama Pacha hakuinua uso.

"Mbao zimebana. Hazitoki hata uzibembeleze. Makomeo utatafuta mwenyewe."

Mnara akavuta droo kwa mikono miwili. Ikalia, ikaja kwa shingo upande. "Kweli zimebana," akasema. "Lakini wewe umebana zaidi. Nimekosa nini?"

"Safari njema."

Alimpigia akiwa njiani, hakupokea. Akapiga tena, na tena. Kisha akaacha.

Mvua zikakatika. Jua likatoka kali, tope likawa vumbi. Alasiri moja Mama Pacha alikuwa akipita chumbani na rundo la nguo za watoto, mlango wa kabati ukafunguka wenyewe, taratibu, kama umesukumwa na mtu aliye ndani.

Akasimama. Msimu mzima wa mvua kabati lile alilifungua kwa kulipiga teke.

Nguo zikamtoka mikononi.

"Mbona umesimama kama umeona jini?" Mama mdogo wake, aliyekaa mlangoni akipiga msasa miguu ya stuli, aliinua kichwa.

"Kabati limefunguka."

"Ni kabati. Lisifunguke lifanye nini?"

"Mama mdogo, mbao zimekauka! Zilikunywa maji ya mvua, zikavimba, ndiyo maana zilibana. Sasa zimekauka kote. Na zile za kwenye gari pia. Sikufunga makomeo."

"Si mlango wa gari unazizuia?"

"Mpaka aufungue. Minara iko vileleni. Gari linasimama pua juu, mkia chini. Akifungua mlango wa nyuma, ile droo ya betri inamtoka kifuani."

Mama mdogo aliweka msasa chini polepole. "Mpigie."

Akapiga. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Haipatikani.

Akapiga ofisini kwao. Dada aliyepokea alikuwa anatafuna kitu. "Mnara? Hutampata. Mtandao wa huko umelala, ndiyo maana tumemtuma. Akiuamsha utampata."

"Kuna mtu mwingine huko? Mlinzi, yeyote?"

"Dada, huko kuna upepo tu."

Hapo ndipo hofu ilipomkaa vizuri. Ili simu iite, lazima auamshe mnara. Ili auamshe, lazima afungue gari. Akakaa juu ya nguo zilizomwagika. Nje mapacha walikuwa wakigombania gari la maboksi, na kila kelele yao ilimchoma.

"Mimi ndiye niliyemuua," akanong'ona.

"Fyuu! Usimzike mtu anayepumua," Mama mdogo akamkemea. "Piga."

Haipatikani. Haipatikani. Haipatikani.

Kisha ikaita.

Mama Pacha aliruka wima. Mnara umeamka! Ikaita, ikaita, ikakatika. Hakuna aliyepokea. Akapiga tena, ikaita mpaka mwisho. Mtandao umeamka na mwenyewe hapokei, basi yuko wapi? Macho yake yalimwona amelala chali nyuma ya gari, koti la machungwa kwenye vumbi, simu inalia kitini.

Akapiga mara nyingine.

"Haloo! Leo umeikumbuka namba yangu? Nilikuwa juu kabisa, nimeshuka sasa hivi."

"Uko wapi? Umesimama wapi?"

"Nyuma ya gari. Nimeunga waya, sasa nataka kutoa betri. Mkono uko kwenye kitasa, ngoja nifu..."

"Usifungue!"

Sauti ilimtoka mpaka mapacha wakanyamaza uani.

"Nini? Kuna nini?"

"Toa mkono. Toa mkono wako hapo, baba, nakuomba. Droo ya spana ilitokaje leo?"

"Hiyo niliivuta asubuhi huko chini, kwenye tambarare, nikahamishia spana kiti cha mbele. Laini kama siagi. Nikasema fundi wangu ni fundi."

Mama Pacha akafumba macho. "Gari limeelekea wapi?"

"Juu. Ningeligeuzia wapi? Nyuma yangu ni korongo."

"Sikiliza. Makomeo hayapo na mbao zimekauka. Funga kamba kwenye kitasa. Simama upande wa bawaba, mlango ukifunguka ukukinge. Simu iache mbali, usiikate. Vuta."

Kwa mara ya kwanza Mnara hakutania. Mama Pacha alisikia buti zikisaga changarawe, simu ikiwekwa juu ya jiwe, upepo. Mama mdogo alimshika bega. Upepo. Kisha kishindo, mvunjiko wa mbao, kitu kizito kikibiringika, kikigonga mawe, kikienda mbali, mbali.

Halafu upepo tu.

"Mnara?"

Upepo.

"Mnara! Nijibu!"

"Nipo." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtoto. "Betri mbili zimekwenda korongoni. Zimepita palepale nilipokuwa nimesimama."

Mama Pacha akalia waziwazi. "Ni hasira zangu. Nilikunyima makomeo kwa wivu. Ulitaka kitanda cha watu wawili na mwanamke mwingine, nikasema atajijua."

Pumzi ikamtoka Mnara kwa kishindo. "Mama Pacha. Wewe ni fundi. Kitanda kile ulikipima urefu gani?"

"Mita moja na robo."

"Mwanamke gani analala kwenye mita moja na robo?"

Mama Pacha akageuka kutazama uani. Mapacha walikuwa wamesimama sambamba mlangoni wakimkodolea macho mama yao, na wote wawili walimfika kiunoni tu.

"Nilitaka tuje nao huku juu," Mnara akasema. "Wao walale kwenye gari, mimi na wewe hemani. Halafu asubuhi nikuulize jambo."

"Uliza sasa."

"Magoti yananigonga, mpenzi. Mtu haulizi jambo kama hilo anatetemeka."

"Na mimi natetemeka. Uliza hivyohivyo."

Akauliza. Mama mdogo, aliyekuwa ameegemeza sikio kwenye simu bila haya, aliziba mdomo kwa kiganja.

"Ndiyo," akajibu Mama Pacha. "Lakini ujue, kila ukipanda nitaogopa. Sitazoea."

"Basi kwa nini unakubali?"

"Kuogopa nitaogopa tu. Bora niogope nikiwa mkeo, nikupigie kelele kwa haki. Sasa funga hiyo droo iliyobaki kwa kamba, uikaze mara mbili. Halafu ushuke taratibu, baba. Taratibu kabisa."