Samaki wa Jumatano

MAZISHI YAMEKWISHA. FAGIA NYUMBA KABLA YA PANTONI.

Simu ya maandishi ilimfikia Kapembwa Ijumaa saa mbili asubuhi, angali kwenye mkeka wa matanga, kichwa kimenyolewa.

Aliisoma mara moja, akaichoma kwa kiberiti chake cha Ronson.

Maana aliijua yeye na mkubwa wake wa upelelezi mjini Fort Rosebery. Baruti zilikuwa zimevuka ziwa kutoka Kongo. Zilikuwa zikienda kulipua pantoni ya Chembe, ile inayovusha malori mto Luapula. Azizuie.

Mwaka ulikuwa 1957. Zamani samaki wa ziwa Mweru walivushwa hadi Kilwa ya Kongo, wakapelekwa kwenye reli ya Katanga. Kisha migodi ya Mufulira na Ndola ikafungua mdomo. Mzigo ukapanda malori, ukashuka kusini, ukavuka kwa pantoni. Ng'ambo, Kongo, kulikuwa na wakubwa wa reli waliobaki wakihesabu mabehewa matupu. Pantoni ikizama, barabara itakufa na samaki watarudi kwenye reli yao.

Watu wa Kashikishi, kijiji cha ufukoni, walimjua Kapembwa kama mkaguzi wa barabara. Alikuja kumlilia mdogo wake Chisenga, mvushaji, aliyezama Jumapili na kuokotwa Alhamisi. Kilio kilikuwa cha kweli. Lakini alipouosha mwili aliona shingoni alama nyembamba ya waya.

Hakumwambia mtu.

Tangu hapo alimshuku kila aliyempa mkono wa pole. Alimshuku hata Davison, dereva wa lori la samaki, rafiki wa marehemu, aliyekuja matangani na viatu vipya.

Alikwenda kwenye ghala la samaki, akaomba nakala za hati za mzigo. Lori la Davison lilikuwa limeondoka saa moja. Bedford, marobota arobaini na mawili ya samaki wa kukaushwa, wanawake tisa wachuuzi juu ya mzigo. Marobota sita yalikuwa ya Lambrecht, mzungu aliyekuja miezi miwili iliyopita kununua samaki. Safari hii alipanda mwenyewe, mbele, karibu na dereva.

Samaki wa ng'ambo hufunguliwa na watu wa ushuru. Wa Kashikishi hawafunguliwi. Lambrecht alikuwa ameandika: Kashikishi. Wamevuliwa Jumanne, wamekaushwa Jumatano.

Kapembwa aliirudia hati, kisha akarudi mbio kwa shemeji yake Olipa, mjane wa Chisenga.

"Mulamu, Jumanne kuna mutu alitupa wavu?"

Olipa alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Bwana yangu alikuwa angali majini. Nani angetupa wavu? Tangu Chienge mpaka hapa, hakuna hata mutoto mwenye ndoano."

Kapembwa alifungua kasha la cherehani ya Singer alilokuja nalo. Ndani hakukuwa na cherehani.

"Mweru Saba hapa. Mzigo uko kwenye Bedford ya Davison."

Redio ilikoroma. "Una msaada?"

"Sina."

"Ufuate mwenyewe basi. Tutakukuta njiani."

Pikipiki ya BSA iliimeza barabara. Vumbi jekundu. Matuta. Bastola ya Webley kiunoni, chini ya koti la ukaguzi.

Alilipata lori saa tano, kilomita tatu kabla ya daraja la miti. Akalipita, akasimama katikati ya barabara, akainua kibao chekundu.

Bedford ilisimama hatua kumi mbele yake. Davison alishuka, akakamata fimbo ya chuma ya kuwashia injini.

Kapembwa aliiona ile fimbo. Hakujua ingemshukia nani.

Alisalimu kwa upole. Alisema daraja ni bovu, mzigo lazima uhesabiwe. Lambrecht alishuka mlango wa pili akitabasamu, akatoa hati na sigara ya Belga. Kapembwa alikataa sigara.

"Samaki yako wamekauka vizuri, bwana?"

"Wazuri sana. Nilinunua mimi mwenyewe kwa mutumbwi, pale Kashikishi. Jumanne asubuhi, bado banaruka."

Juu ya marobota, wanawake waligeuka kumtazama.

Wote tisa. Waliokuwa wakitafuna muwa waliacha kutafuna.

"Jumanne ya wiki gani, bwana?" aliuliza Felistus, mkubwa wao, akiinama kutoka juu. "Jumanne hii sisi tulikuwa kilioni. Kashikishi mutumbwi gani uliingia ziwani?"

Tabasamu la Lambrecht lilibaki mahali pake. Macho yake yaliondoka. Alijua bei ya samaki kila bandari, lakini hakuwahi kuuliza kwa nini ufuko ule mzima ulikuwa kimya siku nne.

Mkono wake ulizama kotini. Bastola ya Browning.

Fimbo ya chuma ilishuka kwanza.

Browning ilianguka vumbini. Lambrecht akapiga magoti, ameshika kiganja, na Webley ilikuwa tayari kwenye shavu lake. Davison alihema, fimbo bado mkononi.

"Chisenga aliniambia alivusha muzigo wa muzungu mumoja, na sasa yeye anamuogopa," alisema. "Viatu hivi ni vyake, aliniachia Jumamosi. Mimi nilikuwa nangoja kumujua tu."

Walipasua robota la tatu. Safu moja ya samaki. Chini yake baruti za mgodini, na utambi uliozungushwa vizuri kama nyuzi za wavu. Wanawake walishuka bila kuambiwa, wakaenda kukaa mbali chini ya jua.

Saa sita ilifika Land Rover ya Fort Rosebery. Askari walipopakua marobota yake sita na kumfunga pingu, Lambrecht alimgeukia Kapembwa.

"Nani aliniuza?"

Kapembwa alikuwa akivaa miwani ya vumbi.

"Yule uliyemtupa majini."

Alimwambia Davison daraja ni zima, apite. Kisha akaipiga teke BSA, ikawaka, akageuza kuelekea ziwani. Mkeka wa matanga ulikuwa haujakunjwa.