Chavua Kutoka Chini ya Bahari

Asubuhi moja mama mmoja alikuwa jikoni, akizoa matope kwa koleo. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo wa kilima tena. Mumewe, fundi bomba, alikuwa nyuma ya nyumba akizibua mtaro.

"Tuhame," alisema mume. "Kilima hiki kimetushinda."

"Kimekushinda wewe," mkewe alijibu. "Mimi bado."

Mama huyo alikuwa na kitalu cha miche. Mara mbili alipanda miti mirefu ya msituni kwenye mteremko ulio juu ya nyumba yao. Mara zote mbili kiangazi kiliikausha. Udongo ulibaki mtupu, na kila mvua iliuleta hadi jikoni.

Mchana wifi yake, dada wa fundi bomba, alikuja kuwasaidia. Yeye alifanya kazi maabarani. Alichunguza matope yanayotolewa chini ya bahari.

"Karibu, wifi," mama alimtania. "Leo kazi imekufuata nyumbani."

Wifi alicheka, akashika ufagio. Baadaye aliuliza, "Mbona unang'ang'ania miti ya msituni?"

"Kwa sababu zamani hapa palikuwa na msitu."

"Zamani ipi? Zamani ziko nyingi, wifi. Njooni kesho kazini kwangu."

Kesho yake mke na mume walikwenda maabarani. Mezani palikuwa na bomba refu lililopasuliwa kwa urefu. Ndani yake mlikuwa na tope lenye mistari.

"Hili nalijua," alisema fundi. "Limeziba."

"Acha utani, kaka. Meli ilizamisha bomba hili kwenye tope la chini ya bahari, karibu na mdomo wa mto wetu. Mto na upepo hupeleka baharini udongo na chavua."

"Chavua ndiyo nini?" fundi aliuliza.

"Ule unga wa maua. Hutuama pamoja na tope, tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini ndilo la kale zaidi."

"Unga wa maua si unaoza?" mama aliuliza.

"Ganda la chavua ni gumu. Ikifukiwa mahali pasipo na hewa, hukaa maelfu ya miaka. Sisi tunaondoa tope kwa dawa kali, chavua inabaki. Hebu chungulia."

Mama aliinamia hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo. Aliona punje laini ya mviringo, yenye kitundu kimoja.

"Hiyo ni ya nyasi," alisema wifi. "Ile iliyoungana kama vipande vya mpira wa miguu ni ya mgunga, ule mti wa miiba. Kila kundi la mimea lina sura yake. Tabaka hili la chini limejaa chavua za msitu, kwa hiyo mvua zilikuwa nyingi. Hapa juu yake ukame ulikuja. Msitu ulipungua sana, nyasi na migunga zikashika nchi."

"Basi tupande hizo tu?" aliuliza fundi.

"Taratibu. Mto hukusanya chavua za mahali pengi, si za kilima chenu peke yake. Lakini miaka hii mvua zimepungua. Ningekuwa ninyi, ningeanza na mimea iliyovumilia ukame."

Mama alikumbuka ndoo zote za maji alizopandisha kilimani.

"Kumbe nilikuwa napanda msitu wa mvua ambayo haipo," alisema. Kisha alimgeukia mumewe. "Twende. Kuna kazi."

Walipanda nyasi za kienyeji kwa mistari iliyokingama mteremko. Katikati walipanda migunga. Mbuzi walikula baadhi ya miche. Mama alipanda mingine na kuizungushia miiba. Kiangazi kilipokuja, majani ya nyasi yalikauka, lakini mizizi ilibaki hai.

Mvua iliporudi, fundi alisimama mlangoni na koleo lake, tayari. Maji yalishuka polepole. Yalipita mtaroni, yakiwa karibu safi. Jikoni hayakuingia hata tone.

"Haya, mke wangu," alisema. "Nimeshindwa mimi."

Wiki hiyo jirani wa upande wa pili wa kilima alifika kitaluni.

"Nipe miti mirefu, inayokua haraka," alisema.

Mama alimkabidhi fungu la nyasi.

"Anza na hizi. Zikishika, uje uchukue migunga. Leo nakuja mwenyewe kukuonyesha mistari."

Alichukua jembe, akatangulia.