Kamera Iliyotoka Jasho

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Edinam alishuka ufukweni na kamera shingoni. Alisimama juu ya ngazi ya kanisa la zamani, akapiga picha moja, akaandika tarehe na alichokiona kwenye daftari. Ngazi ile ile, upande ule ule: nyumba ya Bibi Abla, mnazi uliopinda, na mawimbi.

Kamera ilikuwa ya shule. Mwalimu Dotse alimpa kwa sharti moja: siku thelathini, bila kuruka hata moja. Baada ya hapo wahandisi wa wilaya wangekuja kuamua ukuta wa mawe wa kuzuia bahari uanzie wapi.

"Maneno yetu wameshayasikia," mwalimu alisema. "Safari hii tuwaonyeshe bahari inavyokula ardhi, siku baada ya siku."

Darasa lilimchagua Edinam kwa sababu hakuwahi kupoteza hata kifutio. Mama yake alikuwa akikaanga na kuuza gali, chenga kavu za muhogo, na Edinam alijua kufunga tangu akiwa mdogo: mfuko wa plastiki, zungusha, kaza, mafundo mawili. Gali iliyofungwa vizuri hukaa miezi mingi. Basi kamera nayo aliifunga vivyo hivyo, na kwa wiki mbili na nusu picha zilitoka safi.

Kisha upepo ukageuka. Mawimbi yakaanza kurusha manyunyu hadi kwenye ngazi. Edinam akaongeza uangalifu. Kila akimaliza aliifuta kamera kwa kitambaa, akaizungushia kitambaa hicho hicho, akaitia mfukoni na kukaza.

Jumatatu picha ilitoka na weupe pembeni, kama moshi. Edinam alifuta lenzi. Weupe haukutoka. Alifuta tena kwa pindo la sketi. Ulikuwa pale pale, ndani, mahali ambapo kidole hakifiki.

Jumanne aliongeza mfuko wa pili. Jumatano ukawa wa tatu, na juu yake kitambaa kingine. Weupe ukazidi. Sasa nyumba ya Bibi Abla ilionekana kama imechorwa kwa chaki na kufutwa. Edinam hakuelewa. Mchanga haukuingia. Kamera haikuanguka, wala hakuna mtu mwingine aliyeigusa. Kadiri alivyoitunza ndivyo ilivyozidi kuharibika. Alianza kujiuliza kama kweli alikuwa akiitunza, au kuna jambo alilifanya na kulisahau.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Selasi alichungulia kioo cha kamera juu ya bega lake.

"Ee, mpiga picha wetu mkuu! Hiyo ni bahari au uji?"

"Ondoka hapa."

"Mwalimu anajua kwamba unapiga picha za uji?"

"Nimesema ondoka, Selasi!"

Mwalimu hakujua. Alizihamisha picha kwenye kompyuta kila Ijumaa tu, na Ijumaa ilikuwa kesho. Edinam alifikiria kusema kwamba kamera ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Lakini picha kumi na nane za kwanza zilikuwa safi kabisa. Nani angemwamini?

Alipotoka shule alimkuta mama yake jikoni, akiipua gali kutoka kwenye karai. Edinam alikaa, akavuta mfuko, akaanza kuujaza. Mawazo yake yalikuwa ufukweni. Alizungusha, akakaza.

"Wewe! Fungua huo mfuko!"

Edinam alishtuka.

"Unafunga gali ya moto? Tangu lini? Tazama!" Mama aliuinua mfuko. Ndani ya plastiki vitone vidogo vya maji vilikuwa vimeshajipanga. "Imeanza kutoka jasho. Ukiiacha hivi, keshokutwa ina ukungu. Mfuko unazuia maji ya nje yasiingie. Ya ndani nayo yatoke wapi?"

Edinam alivitazama vile vitone. Kisha akakimbilia mkoba wake, akafungua mifuko mitatu, akatoa kitambaa. Kilikuwa kibichi. Kilinuka bahari.

"Mama," alisema, "nimeifunga kamera ikiwa imelowa. Kila siku."

Mama aliangalia kamera, akaangalia mifuko, akamwangalia binti yake. "Mwalimu anajua?"

"Hapana."

"Basi nenda kwake sasa hivi. Usingoje kesho. Mifuko hiyo iache hapa."

Mwalimu Dotse alisikiliza hadi mwisho. "Tangu lini?"

"Jumatatu, mwalimu."

"Na leo Alhamisi."

Edinam aliinamisha kichwa. Mwalimu hakupaza sauti. Alitoa betri, akaiweka kamera wazi mezani, mbali na jua. Kisha akafungua droo, akatoa vile vipakiti vidogo vinavyowekwa ndani ya viatu vipya, ambavyo watu wengi huvitupa. "Hivi hunywa unyevu. Kuanzia leo, ukitoka ufukweni futa chumvi kwa kitambaa kibichi kidogo, halafu kwa kikavu. Iache wazi ipumzike. Ikikauka kabisa ndipo uitie kwenye kisanduku, pamoja na hivi."

Ijumaa asubuhi weupe ulikuwa umepungua. Jumamosi ulikwisha. Lakini mnazi uliopinda haukuwapo tena pichani. Ulikuwa umeanguka katika zile siku nne za weupe, na hakuna picha iliyoonyesha lini.

Wahandisi walipokuja, mmoja wao, mama mwenye buti za mpira, alipita mbele ya picha thelathini zilizobandikwa ukutani. Akasimama.

"Hizi nne zina nini?"

Selasi aliangalia viatu vyake.

"Ni kosa langu," Edinam alisema. "Nilifunga kamera ikiwa na maji. Halafu nikaficha." Alifungua daftari. "Lakini niliandika kila siku. Mnazi ulianguka Jumatano."

Yule mama alisoma daftari, akapima kwa macho, akaweka alama kwenye ramani yake. Ukuta ungeanzia mbele ya nyumba ya Bibi Abla.

Jioni Edinam alimsimulia mama yake yote. Mama hakuacha kukoroga karai.

"Vizuri. Sasa sikiliza. Kukitunza kitu si kukikazia mafundo tu. Kijue kwanza kilivyo. Na kikikushinda, sema siku hiyo hiyo. Ungesema Jumatatu, ungepoteza picha moja. Umepoteza nne kwa kunyamaza."

"Ndiyo, Mama."

"Haya, nifungie hiyo gali."

Edinam alichukua mfuko. Kisha akaurudisha chini, akaweka kiganja juu ya chenga.

"Bado ya moto," alisema.

"Basi tungoje," mama akajibu, akamsogezea kigoda.