Nafasi Mia Moja, Watu Elfu Tano

Jioni, Shigela na binti yake Prisca walikuwa wakikamua ng'ombe. Familia yao ilitoka Usukumani ikahamia bonde la Usangu. Prisca alikuwa amemaliza kidato cha sita. Muda wa kuomba vyuo ulikuwa karibu kwisha.

"Andika udaktari tu, kile chuo kikubwa," alisema Shigela. "Sifa unazo."

"Binamu Ngolo naye alikuwa nazo, baba. Aliomba hapo tu, akakosa. Mwaka mzima yuko nyumbani."

"Ngolo! Yule mvivu hata wa kunawa uso."

Prisca alicheka, lakini aliogopa. Hakutaka kukaa nyumbani mwaka mzima.

Jirani yao, Mwalimu Catherine wa sekondari, alikuja kuchukua maziwa. Prisca akamweleza.

"Baba Prisca," alisema Mwalimu, "sifa zinakuruhusu kuomba. Hazikupi nafasi. Mwaka jana kozi ile ilikuwa na nafasi mia moja. Unadhani waliomba wangapi?"

"Mia mbili?"

"Elfu tano."

Shigela aliacha kukamua. Ng'ombe akageuka kumtazama.

"Elfu tano! Jamani, watoto wa watu!"

"Na wengi wana sifa. Chuo kinachukua wenye alama za juu zaidi. Prisca amefaulu vizuri, ila hata wa mwisho kuchukuliwa mwaka jana alimzidi alama."

"Sasa vyuo vinavyopokea kirahisi, si vibovu hivyo?"

"Ukichagua dume moja la ng'ombe liwe la mbegu, madume yanayobaki ni mabovu?"

"Thubutu! Ndiyo yanayolima."

"Basi. Ugumu wa kuingia unaonyesha wingi wa waombaji. Ubora uliza mwenyewe. Chuo kimesajiliwa? Kina walimu na vifaa? Waliomaliza wanafanya kazi gani?"

Kesho yake waliuliza, kisha wakaomba kwa simu ya Mwalimu. Prisca alitanguliza udaktari, maana aliutamani sana. Akafuatisha kozi ya maabara ya afya huko Mbeya, ambako alama zake ziliwazidi wengi waliochukuliwa mwaka jana. Mwisho aliweka kozi nyingine aliyoipenda, yenye waombaji wachache.

Udaktari alikosa. Maabara alipata.

Siku ya wazazi chuoni, Shigela alipanda basi hadi Mbeya. Prisca, amevaa koti jeupe, alimchoma kidole, akaweka tone la damu chini ya hadubini. Shigela alivua kofia, akainama.

"Mama yangu! Wamejaa kama mnadani. Ni nini hivi vyote?"

"Ni damu yako, baba. Tone moja tu."

Shigela alisogeza jicho karibu zaidi. Nyuma yake wazazi wengine walikuwa wakingoja zamu.

"Mzee, tupishe na sisi," mmoja alisema.

"Subirini kidogo," alinong'ona Shigela. "Bado naangalia."